Laptop Iliyokataa Kukaa Mjini

Hii stori hutaiamini mpaka nikufikishe Marangu, kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu: usishuke njiani. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka simu ikataka kunidondoka. Halafu nikaenda kuiona kwa macho yangu, nikaacha kucheka.

Tuanzie stationery, pale Moshi mjini, maana ndipo Theodora alipokuwa anashinda kila siku ya Mungu, kiti chake kikitazamana na mashine ya kutoa kopi. Februari, jua linawaka kama lina kinyongo na watu. Foleni imefika mpaka mlangoni.

"Dada, nitolee kopi mbili za kitambulisho, mbele na nyuma."

"Mia nne."

"Si ilikuwa mia mbili?"

"Rimu imepanda, kaka."

"Kila kitu kimepanda, dada, sisi tu ndio tumebaki chini."

Akalipa. Watu huwa wanalipa tu.

Mikono ya Theodora ilikuwa kwenye kopi, ila kichwa chake kilikuwa Kilema, kwenye nyumba ambayo haijajengwa. Nyumba hiyo ni ya Mzee Eliakim, ana duka la vifaa vya ujenzi Dodoma lakini kwao ni Kilema. Alipita pale stationery mwezi wa kwanza kuchapisha mihtasari ya kikao cha ukoo, akaona kwenye simu ya Theodora picha ya nyumba ya ghorofa yenye migomba pembeni. Akauliza hii iko wapi. Theodora akamwambia haiko popote, ameichora mwenyewe kwa kompyuta, kajifunza kwa kuangalia video usiku bando likiwa la bei rahisi.

Mzee akavuta kiti. "Binti, mimi ndugu zangu ramani hawaielewi. Ukiwaonyesha mistari wanakuuliza jiko liko wapi. Mimi nataka waione nyumba yenyewe. Bati linang'aa, kivuli kimelala ukutani, gari limesimama uani. Wakiiona hivyo watachanga. Nataka niwatumie mapema, Pasaka tukikaa kikao wawe wameshaizoea."

Akaacha kianzio. Theodora hakuwahi kushika kianzio cha mtu maishani mwake. Siku ya kukabidhi ikapangwa: Jumapili jioni, mwisho wa mwezi.

Shida ilikuwa moja. Kompyuta ya stationery ilikuwa ya kuandikia barua za kuomba kazi. Ukiiambia ichore jua na kivuli chake, inaganda kama ugali wa jana. Ukitaka kazi ile itoke, unahitaji laptop ya gemu. Unaweza kucheka, ila ndivyo ilivyo: nguvu inayotumika kuonyesha gari likikimbia kwenye gemu ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha mwanga ukigonga bati. Na nisikufiche, Theodora gemu pia alikuwa anaipenda. Kulikuwa na moja ya kuendesha malori ambayo ilikuwa inamkosesha usingizi.

Kwanza alijaribu mkopo. Kuna ofisi moja ya mikopo ya vijana, siitaji, akaenda na karatasi ya bei kutoka dukani. Afisa akaisoma, akaitua mezani taratibu.

"Laptop ya gemu."

"Ndiyo, kaka. Ni kwa ajili ya kazi ya kuchora nyumba."

"Nikupe hela ya watu ukacheze gemu?"

"Naweza nikakuonyesha picha, ninazo hapa kwenye simu."

"Weka simu. Sikiliza, andika kuku. Kuku mia mbili, banda, na chakula. Wiki ijayo nimekupitisha."

"Sasa mimi sina kuku."

Afisa akamwangalia kwa huruma kabisa, kama mtu anayemwangalia mgeni. "Na hao wote niliowapitisha unadhani wana kuku?"

Theodora akachukua karatasi yake akaondoka. Ikabaki akiba yake ya kikoba, kianzio cha mzee, na ndama dume wa mama yake huko Marangu, ambaye mama alimuuza bila kuuliza maswali mengi. Jumla ikafika milioni moja na laki moja. Hapo ndipo ukuta ulipokuwa.

Duka lilikuwa la Primus, mtu wa Mkuu, Rombo, kijana mtanashati mwenye duka lenye AC kali mpaka yeye mwenyewe alikuwa anavaa jaketi mchana kweupe. Ukitoka kwenye jua la barabarani ukaingia mle, unasahau ulikuja kununua nini.

"Karibu, mdogo wangu. Shimbonyi," akamsalimia kwa Kichaga.

"Salama, kaka. Nataka ya gemu. Isizidi m moja na moja."

Primus akatoa mbili. Ya kwanza nyembamba, ya fedha, vitufe vinawaka rangi zote za kitenge. Ya pili nyeusi, nene kama tofali, kifuniko kimekwaruzwa, chaja yake peke yake ingeweza kuvunja kioo cha gari.

"Chukua hii nyembamba," Primus akasema. "Dada mzuri kama wewe huwezi kutembea na tofali."

Lakini Theodora alikuwa amesoma wiki tatu. Aliipindua, akafungua, akatazama ndani kuna nini. Ile nyembamba kadi yake ya grafiksi ilikuwa ndogo, ya kuangalizia harusi. Tofali lilikuwa na kadi kubwa, ya miaka ya nyuma kidogo, lakini kubwa.

"Taa hazichori nyumba," akasema. "Washa hiyo nyeusi."

Akachomeka flashi yake yenye gemu ya malori. Akakaa pale dukani akaendesha lori kwa lisaa lizima, kupanda milima, kushuka, mvua inanyesha kwenye kioo, haikwami hata mara moja. Wateja wengine wakasimama nyuma yake kuangalia. Primus alianza na m moja na laki tatu, wakavutana, akamletea soda, wakavutana tena, ikashuka mpaka kwenye ukuta.

Kabla ya kutoa hela, Theodora akauliza: "Ina tatizo lolote?"

"Si umeiona mwenyewe inacheza."

Hilo halikuwa jibu. Lakini mtu akishapenda, masikio nayo yanaenda likizo.

Sasa twende Njoro, alikopanga. Chumba kimoja, bati bila dari, dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Theodora akaoga, akaweka laptop juu ya meza, akafungua nyumba ya Mzee Eliakim, akaiambia: chora. Feni ikaanza kulia kama pikipiki inayopanda Kibosho. Akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, kioo cheusi.

Akawasha tena. Ikazima tena. Akaigusa chini, akarudisha mkono haraka.

Mlango ukagongwa. Bi Mwantumu, mwenye nyumba.

"Theodora, unapika nini humu chenye harufu ya plastiki?"

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Sipiki kitu, ni laptop tu."

"Marahaba. Laptop gani inaunguruma mpaka kwangu? LUKU imeshuka leo kama maji kwenye pakacha. Kuanzia mwezi huu utaniongezea elfu kumi."

"Lakini nimelipa miezi sita, bibi."

"Hiyo ni kodi, mwanangu. Umeme ni umeme."

Akapeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya ya kupoozea. Badala ya kuzima ndani ya dakika kumi, ikawa inazima ndani ya ishirini. Picha moja ya nyumba ilikuwa inahitaji saa mbili. Na ilikuwa Ijumaa, mzee anasubiri Jumapili.

Kwa hiyo Ijumaa mchana akaomba ruhusa kwa Shivani, mwenye stationery, akaenda kwa Primus na tofali lake begani.

Primus akaliwasha palepale kwenye meza yake ya kioo. Likacheza gemu. Likachora. Lisaa likapita, halikuzima. Primus akafungua mikono kama padri.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Theodora akaitazama ile laptop, akamtazama Primus na jaketi lake, akatazama AC juu ya ukuta inavyopuliza. Akachukua laptop, chaja, na waya mrefu uliokuwa chini ya meza.

"Tuiwashe hapo nje."

"Nje kufanya nini?"

"Kwani nje sio Moshi?"

Akaitoa. Akaiweka juu ya stuli ya mlinzi pale barazani, juani, akaiambia ichore. Bodaboda waliokuwa wamepaki wakasogea. Mmoja wao, Alawi, alikuwa anatafuna muwa, akatoa simu akaanza kurekodi, maana bodaboda na tukio ni kama nzi na ndizi mbivu.

"Dada, hapa kuna nini?"

"Ngoja uone."

Alawi hakumaliza hata pingili ya pili ya muwa. Laptop ikapiga kelele, ikanyamaza, ikazima.

"Imekata moto," mtu akasema.

Alawi akasogeza simu karibu, akaangalia ile mikwaruzo ya kwenye kifuniko. "Oya Primus, hii si ndiyo ile aliyorudisha yule ticha wa Himo? Mimi ndiye niliyempakia."

Watu wakageuka. Primus alikuwa amesimama mlangoni, nusu yake kwenye baridi, nusu kwenye joto.

Theodora akauliza polepole. "Kumbe ilisharudi?"

"Wewe uliniuliza kama ilisharudi?"

"Nilikuuliza kama ina tatizo."

"Nikakwambia umeiona inacheza. Nilidanganya wapi? Kama ilisharudi hukuuliza, mdogo wangu. Hukuuliza." Akaonyesha kibandiko ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wengi na simu ya Alawi bado iko juu, akashusha sauti. "Basi, nakusaidia. Nipe hiyo, chukua ile nyembamba. Tofauti ya bei inabaki kwangu kama usumbufu."

Ile nyembamba isingechora hata choo cha Mzee Eliakim.

"Nitafikiria," Theodora akasema. Akakunja waya wa watu vizuri, akaurudisha, akaondoka.

Jumamosi asubuhi alipanda Marangu. Hakuwa anaenda kufanya kazi. Alikuwa anaenda kumwambia mama yake kwamba ndama amekufa.

Kwao ni juu kabisa, nyumba za mwisho mwisho kabla ya msitu, mahali ambapo hata Februari jioni mtu anatafuta sweta. Mama yake, Mektrida, alikuwa anakata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, ndala moja ya bluu, moja ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hakuna ndizi? Haya, lete nimwone ndama wangu."

Theodora akacheka ili asilie. Akaiweka laptop kwenye meza ya sebuleni, akachomeka kwenye umeme, akafungua gemu ya malori. Alitaka mama aione ikiwa hai japo kidogo, ndipo amweleze.

Mama akavuta kigoda. Lori likaondoka.

"Huyo dereva ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona hupigi honi kwenye kona?" Mama akatazama tena. "Na unalipwa shilingi ngapi kuendesha hilo lori?"

"Silipwi, mama."

"Umebeba mzigo wa nani sasa?"

Theodora akawa anamjibu huku anasubiri kioo kiwe cheusi. Hakikuwa. Mama akaenda kupakua mtori, akarudi, wakala, lori bado liko barabarani. Mama akaosha vyombo. Theodora akapeleka mkono chini ya laptop, kwa woga, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ilikuwa vuguvugu. Vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika.

Hapo akasimama. Akafungua mlango wa mbele, upepo wa mlimani ukaingia na harufu ya moshi wa kuni na majani mabichi. Akahamisha meza mpaka barazani. Akafunga gemu, akafungua nyumba ya Kilema, akaiambia: chora. Akakaa pembeni yake amejikunyata kwenye sweta la mama, anasikiliza feni. Feni haikulia kama pikipiki. Ilikuwa inakoroma taratibu, kama mzee aliyeshiba.

Picha ya kwanza ikatoka. Bati linang'aa, kivuli kimelala ukutani. Theodora akaitazama, halafu akaenda kumshika mama mkono akamleta aone.

Mama akaangalia. "Nyumba ya nani?"

"Bado haipo."

"Sasa mbona naiona?"

Jumapili umeme ulikatika mara moja, uliporudi, picha ya tatu ikabidi ianze upya, mama akasali rozari upande wa laptop bila kuambiwa. Jioni picha zote zikaenda kwa Mzee Eliakim. Kimya. Usiku, kimya. Theodora akalala na simu kifuani.

Asubuhi mzee akapiga.

"Binti, umeniletea matatizo."

"Shikamoo, mzee. Matatizo gani tena?"

"Nimezituma kwenye grupu la ukoo. Dada yangu wa Tanga kanipigia anafoka, anasema nimejenga kwenye kihamba cha baba bila kikao." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Wanataka kuja kubomoa. Nimewaambia tulieni, bado hata tofali sijanunua. Hela yako naituma. Na kuna watu watatu wamo humu kwenye grupu wameomba namba yako."

Theodora akakata simu akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mbele yake wateja watatu. Nyuma yake, mjini, chumba chenye bati kama kikaango. Alijua ile mashine ikishuka tu, inakufa. Watatu hao wanataka kazi, na kazi inatoka huku juu tu.

Akampigia Bi Mwantumu kuulizia miezi minne aliyokuwa ameshalipia.

"Kodi ikishaingia haitoki, mwanangu," Bi Mwantumu akasema, kwa upole kabisa. "Ila vyombo vyako nitavitunza, wala usijali."

Shivani yeye, alipoambiwa kwamba Theodora harudi kazini, akamwambia siku ukishuka Moshi pitia chai, na kiti chako nitakitafutia mtu.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Jumanne, Theodora yuko barazani, laptop inachora nyumba ya mteja wa kwanza, mama yuko zizini anakamua. Simu ikaita. Primus. Sauti yake ilikuwa imepungua kilo.

"Mdogo wangu. Ile video ya Alawi."

"Imefanyaje?"

"Imefika Mkuu. Mama yangu kaoneshwa kanisani. Tangu Jumamosi wateja wanaingia dukani kwangu wanasema, tuiwashe hapo nje. Wananunua hadi chaja, wanataka kuiwasha nje."

Theodora akauma mkono wa sweta asicheke.

"Sikia, tuyamalize," Primus akasema. "Nakupa njia mbili. Lete hiyo mashine mbovu, nakurudishia hela yako yote, sikati hata mia. Au baki nayo, uza vipuri, fanya unavyotaka, nakutumia laki tatu za pole sasa hivi kwenye simu. Ila Alawi afute."

Mashine mbovu ilikuwa mbele yake, inamalizia kupaka jua kwenye kibaraza cha mtu. Ikafika asilimia tisini. Haikutetemeka. Laki tatu ilikuwa ni chumba cha Njoro chote alichokipoteza, na chenji inabaki. Ilikuwa pia karibu bei ya ndama.

Angeweza kusema, kaka Primus, mashine ni nzima, inachotaka ni baridi tu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, ameshayapanga. Akangoja Primus aulize: vipi, bado inazima? Swali dogo tu. Zizini nako kukawa kimya, maziwa yameacha kulia kwenye ndoo.

Primus hakuuliza.

"Tuma laki tatu," Theodora akasema.

Meseji ikaingia kabla hajashusha simu. Akamwandikia Alawi, Alawi akajibu kwamba anafuta, lakini apewe hela ya soda.

Mama akatoka zizini na ndoo yake, akaiweka kwenye ngazi, akafuta mikono kwenye khanga.

"Umemwambia kwamba inafanya kazi?"

"Hakuniuliza, mama."

Mektrida akamtazama bintiye, akatazama laptop, akatazama ile nyumba nzuri isiyokuwepo ikiwaka kwenye kioo.

"Mjini wamekufundisha," akasema. Akainua ndoo akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa ya moto, akakiweka mezani, mbali kidogo na laptop, kama mtu anayeheshimu mnyama wa ndani.

Mpaka leo Theodora hajui mama yake alimsifu au alimsema. Anachora tu pale barazani, sweta mwilini, ukungu ukishuka anavuta meza ndani kidogo. Ndama mwingine ameshanunuliwa. Nimemwona, jike, mweusi kama ile laptop.

Sasa niambie wewe uliyesoma mpaka hapa. Simu iko sikioni, laki tatu ziko njiani, mashine inachapa kazi mbele yako kimyakimya, na aliyekuuzia huku akijua ni mbovu haulizi kitu. Ungemwambia?